Kangomba hainunui ujinga, inanunua muda

Kila mwaka, minada ya korosho inapokaribia kufunguliwa mwezi Oktoba, onyo ni lile lile kuanzia Newala na Tandahimba hadi Kilambo, kando ya Mto Ruvuma: mkulima, usiuze kangomba. Viongozi wanaonya, vyama vya ushirika vinaonya, na sisi redioni tunarudia. Hata hivyo kangomba haijaisha. Kwa nini?

Kwa msikilizaji wa mbali, kangomba ni kununua korosho za mkulima nje ya mfumo rasmi, mara nyingi zikiwa bado juu ya mti, kwa bei ya kutupa. Inakatazwa, lakini inafanyika usiku, uani, kwa kuaminiana.

Jibu tulilozoea ni kwamba mkulima hana elimu, au hajui hesabu. Kuna kitabu kinachotufanya tulitazame upya jibu hilo.

Hesabu anaijua

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima anahitaji shilingi 150,000 mwezi Agosti. Anaahidi kilo 100 za korosho kwa shilingi 1,500 kila kilo. Tuseme mnadani, baada ya makato yote, kilo moja ingemwachia shilingi 2,500. Maana yake angepata 250,000. Ni sawa na kukopa 150,000 leo na kurudisha 250,000 baada ya miezi miwili au mitatu.

Ukimuuliza mkulima huyo, atakupigia hesabu hiyo hiyo bila karatasi. Anajua anaumia. Anauza kwa sababu Agosti fedha hana, na mnunuzi wa kangomba ndiye mtu anayefungua mlango saa nne za usiku mtoto akiugua, au akitokea msiba.

Kitabu kinasema nini

Mwaka 2013 mchumi Sendhil Mullainathan na mwanasaikolojia Eldar Shafir walitoa kitabu kiitwacho Scarcity, yaani uhaba. Hoja yao kubwa ni kwamba uhaba haupunguzi fedha mfukoni tu. Unachukua na nafasi kichwani. Mtu aliyebanwa na deni au njaa huliona vizuri sana tatizo la leo, lakini la mwezi ujao linamtoka machoni. Si kwamba ana akili ndogo. Akili yake imejaa.

Mfano wao mmoja unafanana sana na sisi. Katika jimbo la Tamil Nadu, India, watafiti waliwapima wakulima 464 wa miwa. Wakulima wale, kama wa korosho, hupata fedha nyingi mara moja, kisha huishi nazo hadi mavuno mengine. Watu wale wale walipewa maswali ya kupima fikra kabla ya mavuno na baada ya mavuno. Baada ya mavuno walifanya vizuri zaidi. Na kwa kuwa miwa ilivunwa kwa zamu, jirani na jirani hawakuvuna mwezi mmoja, hivyo ilikuwa vigumu kusema kwamba ni msimu wa mvua au joto uliowabadilisha.

Tusikichukue kitabu kama msahafu. Watafiti wengine waliwapima Wamarekani wa kipato cha chini kabla na baada ya siku ya malipo, na hawakuona tofauti kama hiyo katika vipimo vya fikra. Wataalamu bado wanabishana. Lakini sehemu moja ya hoja haihitaji maabara, kwa maana tunaiishi: siku ambayo fedha inafika inaweza kuwa na uzito kama kiasi chenyewe.

Busia na Bungoma walijaribu

Hapa hapa Afrika Mashariki kuna ushahidi wa vitendo. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliona kwamba wakulima wanataka mbolea lakini msimu wa kupanda ukifika fedha imekwisha. Wakajaribu mpango ulioitwa SAFI. Mkulima aliuziwa mbolea mara tu baada ya kuvuna, fedha ikiwa bado mkononi, na akapelekewa bila gharama ya usafiri. Matumizi ya mbolea yakapanda. Kwa wakulima wengine lilitolewa punguzo la nusu bei, lakini baadaye, wakati wa kuitumia. Matokeo yalikaribiana. Kuwahi kulifanya kazi ya punguzo la nusu bei. Duflo na Abhijit Banerjee waliieleza habari hiyo katika kitabu chao Poor Economics cha mwaka 2011, na wawili hao pamoja na Kremer walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Bungoma, jirani na Busia, tatizo lilikuwa wakulima kuuza mahindi kwa bei ndogo wakati wa mavuno, kisha kununua mahindi hayo hayo kwa bei kubwa wakati wa njaa. Walipopewa mkopo wakati wa mavuno, wengi waliweka mahindi ghalani na kuuza baadaye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria faida ya asilimia 29 juu ya fedha ile. Hawakubadilishwa kwa semina. Walipata muda wa kusubiri.

Pengo letu liko wapi

Mtwara tunao mfumo mzuri kwa upande mmoja. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na tangu msimu wa 2007 korosho za mkoa huu zinauzwa kwa mfumo huo. Sheria inaruhusu stakabadhi itumike kama dhamana ya mkopo. Lakini stakabadhi hupatikana baada ya korosho kufika ghalani. Kangomba inakuja mapema zaidi, kuanzia palizi na kupuliza dawa hadi maua yanapofunga. Pwani, Msimbati na vijiji vya karibu, ndiyo miezi ambayo kusi huvuma kwa nguvu, na mwenye chombo kidogo hawezi kutegemea bahari imzibie pengo.

Tumeona pia kwamba nguvu peke yake haitoshi. Msimu wa 2018/19 Serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutumia jeshi kuzikusanya. Wahakiki walipita vijijini kutenganisha mkulima na mfanyabiashara wa kangomba. Baadhi ya wakulima halali wakasubiri malipo muda mrefu. Na mkulima anayecheleweshewa malipo mwaka huu anakuwa mteja wa kangomba mwaka ujao.

Wahenga walituachia methali mbili: subira yavuta heri, na ngoja ngoja yaumiza matumbo. Zote ni kweli. Tofauti ni kama anayengoja ana chakula ndani.

La kuuliza kwenye mkutano wa AMCOS

Kwanza, malipo yatafika siku ngapi baada ya mnada, na nani atawajibika yakichelewa? Makato ni yapi, moja moja?

Pili, chama kinaweza kutafuta mkopo mdogo wa Julai na Agosti, wenye riba iliyoandikwa na kusomwa mbele ya wanachama? Mkopo una hatari, kwani korosho zinaweza kukataa kuzaa. Ila tuipime hatari hiyo na ile ya kangomba, ambayo nayo ni mkopo, tena wa gharama kubwa.

Tatu, na hili halihitaji kibali cha mtu: kikundi chenu cha kuweka na kukopa kinagawana lini? Kama ni Desemba, fedha ya kikundi inakuja juu ya fedha ya korosho. Kisogezeni hadi Julai. Na malipo ya korosho yakiingia, sare za shule, chakula na pembejeo zinunuliwe wiki hiyo hiyo, kabla ya sherehe.

Tutaendelea kumwambia mkulima asiuze kangomba. Lakini anayemwambia, awe kiongozi, chama au sisi wa redio, amweleze pia Agosti atakula nini.