Tundu la juu si la kuchokonoa

Mpe Mtanzania chaja ya miguu miwili na soketi ya matundu matatu, halafu mtazame. Hatauliza swali. Atatafuta kijiti au kalamu iliyoisha wino, atachomeka kwenye tundu la juu, vilango vya matundu ya chini vitafunguka, chaja itaingia na maisha yataendelea. Nimewaona walimu wakifanya hivyo ofisini, mbele ya wanafunzi walioitwa kuleta madaftari. Kwa wengi wetu lile tundu ni kitasa tu.

Sasa mimi nasema hivi: tumelizoea hivyo kwa sababu katika vyumba vingi tunavyopanga tundu lile halina kazi nyingine kweli. Liko pale kwa sura. Nyuma yake hakuna waya, au upo waya usiofika popote, na sisi tunalipa kodi ya miezi sita bila kuuliza.

Kwa wasiosoma fizikia, nieleze kidogo. Umeme unaoingia nyumbani ni volti 230 na unakuja kwa nyaya mbili, wa moto na nyutro. Hizo mbili zinatosha kuwasha taa na kuchaji simu. Waya wa tatu, ule wa kijani au wa kijani na njano, hautoki kwenye nguzo ya TANESCO. Unatoka kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini hapohapo kwenye kiwanja, unapita kwenye meni swichi, unaishia kwenye tundu la juu la kila soketi. Kazi yake ni moja: waya wa moto ukichubuka ndani ya friji na kugusa bati, umeme upate njia ya kwenda ardhini kabla hujaushika mlango wewe. Usipokuwepo, friji litaendelea kugandisha barafu kama kawaida, na bati lake litakuwa na umeme likisubiri mtu mwenye miguu mitupu. Ndiyo maana ubovu huu unaweza kukaa miaka thelathini bila kujulikana. Taa zinawaka, nani atalalamika?

Kwetu ni Nachingwea, na Nachingwea ina nyumba zenye historia. Mji ule ulikuzwa na Mradi wa Karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 na kufia njiani 1951, pamoja na Kongwa na Urambo. Karanga hazikutoka za maana, reli ya kutoka Mtwara nayo ikang'olewa baadaye, ila watu na nyumba zikabaki. (Kwa bahati, 1947 ndio mwaka Uingereza ilipotoa kiwango cha soketi hii ya miguu ya bapa tunayotumia hadi leo.) Katika nyumba za zamani nilizoingia kwetu, mara nyingi wayaringi ya mwanzo ilikuwa ya taa tu, nyaya mbili basi. Baadaye wenye nyumba wakanunua pasi, wakanunua redio kubwa, wakaita fundi aongeze soketi. Fundi akavuta kutoka kwenye waya wa taa. Akafunga soketi nzuri nyeupe ya matundu matatu juu ya nyaya mbili. Hakuna aliyemwambia mwenye nyumba kwamba kanunuliwa kitu nusu.

Msije mkadhani ni tatizo la vibanda vya wazee peke yake. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Ruangwa, tukapanga watatu kwenye nyumba ya bati jipya, madirisha ya aluminiamu, tailizi mpaka barazani. Friji la pamoja lilikuwa koridoni na lilikuwa "linang'ata." Hilo ndilo neno walilotumia wenyeji wetu siku ya kwanza: friji linang'ata kidogo, vaeni ndala. Asubuhi moja mpangaji mwenzetu, mama wa watoto wawili, alikuwa anapiga deki peku, akashika mpini wa friji na mkono uliolowa. Mwanawe ndiye aliyepiga kelele. Bahati alianguka kwa nyuma, mkono ukaachia. Alipata jeraha kiganjani na wiki nzima hakulisogelea lile koridoni.

Alipoitwa fundi, alifungua soketi na kukuta waya wa kijani umekatwa na kukunjwa ndani ya ukuta. Tukazunguka nje kutafuta fimbo ya ardhini. Hatukuiona. Mwenye nyumba alikuja, tukamwamkia, tukamweleza kwa adabu. Akatutazama sana, kisha akasema, "Wanangu, mbona umeme unawaka?"

Jibu lile sijaliona kuwa la ukorofi. Ndivyo wengi tunavyopima umeme, kwa kuwaka.

Basi tupimeje? Kwanza, ile testa ya bisibisi yenye kitaa haitoshi. Ikiwaka kwenye tundu la juu, kimbia, hapo kuna hatari kubwa. Lakini isipowaka haijathibitisha chochote, kwa kuwa tundu lisilo na waya nalo haliwashi testa. Kuna kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, chenye taa tatu, ambacho kinaonyesha kama waya wa ardhi upo na kama moto na nyutro hazijabadilishana. Hicho ni kizuri kuanzia, ila kinadanganyika. Kuna mafundi ambao wakikuta hakuna waya wa ardhi wanaunganisha tundu la juu na nyutro ndani ya soketi. Kipimo kitasema safi kabisa. Siku nyutro ikikatika kabla ya soketi hiyo, kila bati lililochomekwa hapo linaweza kupanda volti 230. Huo ni mtego, na fundi anayefanya hivyo anajua anachokifanya. Kwa hiyo anayepaswa kuthibitisha ni fundi mwenye leseni ya EWURA, afungue soketi umeme ukiwa umezimwa, na apime ile fimbo kwa kifaa chake.

Na fimbo yenyewe ni shughuli. Sisi huenda mazoezini Julai mpaka Septemba, na kusini mvua ikishaisha kuisikia tena ni mpaka karibu na Desemba. Udongo mkavu unapitisha umeme kwa shida. Chukua fimbo ambayo ukinzani wake kwenye udongo mkavu ni omu 100: 230 ukigawa kwa 100 unapata ampia 2.3. Breka ya ampia 20 haitashtuka hata kidogo, itaona kama mtu kawasha pasi. Hapo ndipo kinapohitajika kile kidude cha kwenye meni swichi chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hicho kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifikia kama miliampia 30 kinakata mara moja. Kitatusaidia hata kwenye nyumba ambayo waya wa ardhi haupo: utapigwa shoti, lakini hutaganda hapo. Kibonyeze. Kisipokata, ni kibovu. Kama meni swichi yenu haina kitufe hicho kabisa, ndicho kitu cha kwanza cha kumwomba mwenye nyumba.

Najua nitajibiwa kwamba wenye nyumba wa kwetu si matajiri, wengine wanasubiri korosho ziuzwe ndipo wapake rangi. Ni kweli, na kubomoa kuta za nyumba ya zamani ili kupitisha waya wa tatu si jambo la kumdai bibi kizee kwa wiki moja. Lakini kidude kile, fimbo moja, na soketi moja ya uhakika kwa ajili ya friji na jiko si nyumba nzima. Anayepokea kodi agharimie hayo. TANESCO hukagua wayaringi inapounganisha mteja, na baada ya mita ni mali yako, hakuna atakayerudi miaka kumi baadaye kukuuliza fimbo iko wapi. Kwa hiyo mwenye haki ya kuuliza ni mpangaji, na wakati wa kuuliza ni kabla pesa hazijatoka mkononi.

Naliandika hili mwaka huu na si mwaka mwingine kwa sababu ya majiko. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo 2034, na majiko ya umeme yanaingia vijijini na mijini. Naunga mkono, nimevuta moshi wa kutosha. Ila jiko la umeme lina mwili wa bati, lina maji yanayochemka juu yake, na mpishi wake yuko peku sakafuni. Chaja ya simu yenye miguu miwili imetengenezwa isihitaji waya wa ardhi. Sufuria ya umeme yenye miguu mitatu haikutengenezwa hivyo. Tunapeleka vyombo vya miguu mitatu kwenye nyumba za nyaya mbili.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Inunue vile vipimo vya taa tatu, hata vitano, wakabidhiwe viongozi wa makundi ya mazoezi kwa kila wilaya. Mwanafunzi akipata chumba, soketi zipimwe na kitufe kibonyezwe mbele ya mwenye nyumba, na matokeo yaandikwe kwenye orodha ya nyumba ambayo wanaofuata wataikuta. Orodha ya vyumba tayari tunarithishana kila mwaka, yenye bei, umbali wa maji na tabia ya mbwa wa jirani. Safu moja zaidi itaenea. Sisi wa Fizikia tuko tayari kufundisha wengine jioni moja tu, na barua za kupangiwa vituo zinatoka kabla ya Julai.