Tuchange Kabla ya Jeneza

KUTOKA KASIPUL
Na Mchungaji Barnabas Odera

Mtu akifa Oyugis asubuhi, jua halitui kabla jina lake halijawa kundi la WhatsApp. Mweka hazina ameteuliwa, nambari ya M-Pesa imebandikwa, na jamaa walioko Nairobi, Mombasa na hata Doha wanaulizwa mmoja mmoja wametuma ngapi. Siku ya pili au ya tatu kamati inakaa kujadili hema, viti, vipaza sauti, gari la kutoa mwili mochari na ng'ombe wa kuchinjwa. Ni watu walewale waliokuwepo marehemu alipokuwa amelala nyumbani akitafuta nauli ya kwenda Kisii kupigwa picha ya kifua. Wakati ule hapakuwa na kundi wala kamati. Nilikuwepo mimi, nimeitwa kuomba.

Nasema haya nikiwa mchungaji na nikiwa Mjaluo, kwa hiyo msinifundishe heshima ya mazishi. Najua kwa nini tunazika tunavyozika. Kaburi ndilo linaloonyesha kwamba mtu alikuwa na boma, na kwamba watoto wake wana mahali pa kurudi. Kenya nzima ilifundishwa hilo na kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, na mwili wake ukakaa mochari hadi Mei 1987, mjane wake na ukoo wakivutana mahakamani, kisha akazikwa Nyalgunga, Siaya, kama ukoo ulivyotaka. Watu wanaoweza kumpigania maiti miezi mitano huwezi kusema hawana upendo. Upendo upo, ila unafika mtu akiwa ameshafunikwa shuka.

Mgonjwa akiwa hai anapewa maombi, kwa sababu maombi hayana risiti. Akishafariki anapewa pesa. Nasi wachungaji tumeukubali mgawanyo huo bila kunung'unika, maana unatupa nafasi pande zote mbili: tunaalikwa kitandani, tunaalikwa kaburini, na chai ipo.

Wasioishi na mchungaji wa mji mdogo hudhani wiki yake ni Biblia na mahubiri. Wiki yangu ni simu. "Pasta, niombee." Ukiuliza tuombee nini, mambo yanatoka. Mama wa Kabondo amevuna viazi vitamu wakati kila mtu amevuna, na dalali anataka gunia lijazwe hadi lipitilize kwa bei ileile ya jana. Kijana wa boda boda amenyang'anywa pikipiki ya mkopo. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mume yuko Nairobi na simu yake haishiki tangu Krismasi. Nawaombea wote, na kwa moyo. Lakini nimejifunza kutoondoka haraka, kwa maana mara nyingi jambo lenyewe huja baada ya amina.

Mzee mmoja niliyemtembelea wodini alinishika mkono nilipomaliza, akaninong'oneza kwamba amepewa rufaa ya kwenda Kisumu, kwenye ile hospitali kuu ambayo wazee wa rika lake bado wanaiita Russia, na ambulensi haiondoki bila mafuta. Hakutaka wanawe wasikie. Alikuwa amenisubiri nimalize na Mungu ndipo aanze na mimi.

Hapo mchungaji afanye nini? Aombe tena?

Mungu huponya, naamini hivyo. Nimeona watu wakiinuka kitandani jamaa wakiwa wameanza kuulizia bei ya mbao. Nimeomba pia usiku kucha kwa watoto niliokuja kuwazika. Sina maelezo, na mchungaji mwenye maelezo ya jambo hilo hunitia wasiwasi. Ninachoweza kusema ni kwamba maombi humweka mtu chumbani. Ukipiga magoti kando ya kitanda unasikia harufu ya kidonda, unaona sufuria iliyofunikwa tangu jana, unaona pakiti ya vidonge imebaki tupu. Ukisimama, huwezi tena kusema hukujua.

Waliotuletea Injili kusini mwa Nyanza hawakutenganisha mambo haya. Novemba 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi tunayoiita leo Malawi, walifika Gendia, kando ya ziwa karibu na Kendu Bay, wakaanzisha misheni ya Wasabato. Carscallen alijifunza Dholuo hadi akaandika kitabu cha sarufi yake. Mtambo wa kupiga chapa ukafuata, kisha hospitali ya Kendu, ambayo hadi leo watu wa huku Oyugis huifuata kwa matatu. Mimi si Msabato, na majirani zangu hawachoki kunikumbusha hivyo kila Jumamosi, lakini haki yao niwape: kwao aliyekuja na kidonda alioshwa kidonda na akaombewa, vyote viwili.

Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko wakaanzisha Legio Maria, na maelfu wakawafuata kwa sababu hatimaye walipata mtu wa kuyaombea magonjwa na mapepo ambayo wamisionari waliyaona upuuzi. Mafundisho yao mengi siyakubali. Ila nikiwaona na kanzu zao na rozari wakipanda Got Kwer, kule Migori, nawaona ni watu waliokosa pa kupeleka maumivu, wakajitafutia.

Kisha ukaja ugonjwa uliotuumbua sote. Anayekumbuka miaka ya 1990 huku anajua maana ya kutoka kaburini na kupitiliza hadi kaburi jingine. Wazee walisema ni chira, adhabu ya kuvunja mila. Makanisa yakasema ni dhambi. Kila mtu alikuwa na maelezo na hakuna aliyekuwa na dawa. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa ARV katika hospitali ya serikali ya Homa Bay, na polepole watu waliokwisha kuliliwa wakaanza kuonekana sokoni wakiuza omena. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta bado karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika kaunti yetu ya Homa Bay anaishi na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa Kenya nzima hawakufika watano kwa mia. Hesabu mwenyewe kwenye benchi za kanisa lako. Wamo kwaya, wamo ushirika wa akina mama, wamo miongoni mwa wazee wa kanisa. Nikimwombea mmoja wao nisimuulize kama amechukua dawa za mwezi huu, nimefanya nusu ya kazi.

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, swali hilo limekuwa zito zaidi. Wahudumu waliokuwa wakiwafuata wagonjwa nyumbani walipoteza kazi. Katika vituo vingi kliniki iliyokuwa na mlango wake iliunganishwa na foleni ya kila mtu, na kuna wanaoona heri wakose dawa kuliko kuonekana pale na jirani. Dada mmoja alikuja akitaka nikemee roho ya woga. Nilimwambia twende tukae wote kwenye lile benchi, nami nitavaa kola yangu ya uchungaji ili wanaotaka kutazama wapate cha kutazama. Tulikwenda. Woga sikuukemea, tulikaa nao tu hadi jina lake likaitwa.

Upo upande mwingine, na ninyi wasomaji mnaujua. Aprili 2025, Opapo karibu na Rongo, katika kaunti jirani ya Migori, polisi waliwatoa waumini zaidi ya hamsini katika kanisa walimokuwa wakiishi, baada ya habari kutoka kwamba wawili walifia humo na kuzikwa uwanjani humo humo. Nchi ilikuwa haijasahau msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako miili iliyoanza kufukuliwa Aprili 2023 ilipita mia nne. Kila balaa la namna hii likitokea serikali inasema itakagua makanisa, nasi wachungaji tunapaza sauti kuhusu uhuru wa kuabudu. Mimi ningekubali kukaguliwa, na kwa swali moja tu: muumini wako akiugua, unampeleka wapi? Anayejibu "kwa Mungu" akanyamaza, aandikwe jina.

Lakini hata sisi tunaojibu "hospitali" tuna deni la kueleza ni nani anayelipa. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya NHIF ilipoipisha SHA, nyumba isiyo na mshahara inatakiwa kuchangia angalau Sh300 kwa mwezi, nayo kwa kawaida hulipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hiyo ni Sh3,600 kwa kiwango cha chini kabisa. Kwa mama wa viazi, pesa hizo hazikai pamoja hata siku mbili, kwa sababu karo, mbolea na mgonjwa wa jana vinazisubiri. Kwa kamati ya mazishi hizo ni sukari na mkate wa mkesha mmoja. Bei ya ng'ombe mmoja wa matanga ingezilipia nyumba zaidi ya kumi kwa mwaka.

Tunapenda kuhubiri Msamaria Mwema wa Luka 10, na tunapenda kumhubiri tukimwelekeza kwa wengine, yaani kuhani na Mlawi waliopita kando. Soma tena. Yesu hasemi kokote kwamba yule Msamaria aliomba. Anasema alimwaga mafuta na divai kwenye majeraha, akampandisha mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, kisha akamwambia mwenye nyumba kwamba gharama ikizidi atalipa akirudi. Katika hadithi nzima ndiye peke yake aliyefungua akaunti. Naye Yakobo, anayetuagiza wazee tumpake mgonjwa mafuta na kumwombea katika sura ya tano, alikuwa ameshatuuliza katika sura ya pili inafaa nini kumuaga mwenye njaa kwa maneno matamu bila kumpa kitu. Tumeipenda ile ya tano, tukairuka ya pili.

Mtaniambia wanasiasa wasaidie. Wanasaidia, lakini angalia wapi. Mheshimiwa huja na bahasha pale kuna jeneza na kipaza sauti. Wodini hakuna kipaza sauti. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi, ambaye watu wa huku wanamkumbuka kama askofu wa Homa Bay kwa miaka 15 hadi 2018, aliagiza zaidi ya shilingi milioni mbili alizotoa Rais katika kanisa moja la Soweto zirudishwe. Nilishangilia, na bado nashangilia. Ila baada ya kurudisha pesa ya mwanasiasa, kanisa linabaki na kazi ya kutafuta yake, na hapo makofi yetu hupungua. Nami nina sababu ya kutotaka siasa karibu na mimbari. Mbunge wetu wa Kasipul, Ong'ondo Were, alipouawa kwa risasi Nairobi tarehe 30 Aprili 2025, kila upande ulitaka mchungaji aombe, na kila upande ulitaka maombi yaegemee kwake. Niliombea waliofiwa. Wengine walinuna.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa makanisa ya huku, makubwa na ya mabati, ni hili. Kila kanisa lina daftari la ubatizo, la ndoa na la zaka. Tuongeze moja: nani amelipiwa SHA na nani bado. Lisomwe mbele ya wazee kila robo mwaka. Mchango wake ufanywe msimu wa viazi, pesa zikiwa mikononi. Na kila kamati ya mazishi inayotaka mchungaji wetu aongoze ibada ipunguze mapishi, na kilichobaki kiingie kwenye daftari hilo kwa jina la marehemu. Maharagwe hayajawahi kumzuia mtu kufika mbinguni.

Nimelifikisha kwa wazee wetu, na msidhani limepita kwa shangwe. Mmoja aliuliza: je, tukimlipia mtu na asiugue mwaka mzima, pesa zetu si zimepotea? Tulicheka, lakini aliuliza akimaanisha. Mwingine alikuwa na hoja nzito zaidi. Mkewe analipiwa, kadi ipo, na bado alifika kwenye kituo akaambiwa mtandao uko chini, akaandikiwa dawa za kununua nje kwa pesa taslimu. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwambia kanisa litakalokuwa na watu mia waliolipa litakuwa na haki ya kwenda kwa afisa wa afya likiwa na karatasi mkononi, haki ambayo mtu mmoja mwenye hasira hana. Alisema tutaona. Haki yake.

Wa tatu aliuliza kama tutawalipia wa kanisa letu peke yao. Hilo lilichukua jioni nzima. Mwishowe tulikubaliana kuanza na wajane wanaoishi karibu na kanisa, waabudu wapi waabudu. Wa kwanza kwenye daftari ni dani, yaani bibi mzee, mmoja wa Legio Maria ambaye ua wake umepakana na wetu. Amekubali kulipiwa, kwa sharti kwamba tusije kumwombea kwa kelele zetu za vipaza sauti akiwa amelala.