Kilimanjaro: Siku ya sita isikatwe



Natoa maoni yangu kuhusu wananchi wanaojikusanya wenyewe kwenda kupanda Mlima Kilimanjaro.

Ni jambo la kufurahisha kuona walimu, wauguzi na vijana wa vyuo wakichanga fedha zao ili waupande mlima wao, badala ya kuuona kwenye picha tu. Lakini katika vikundi kadhaa ninavyovifahamu, fedha zikipungua, kitu cha kwanza kukatwa ni siku ya mapumziko. Kwa njia ya Marangu, safari ya siku sita hufanywa ya siku tano. Mimi napinga jambo hilo.

Tuangalie hesabu. Kituo cha Mandara kipo kiasi cha meta 2,720 juu ya usawa wa bahari, Horombo 3,720 na Kibo 4,720. Maana yake ni kwamba kila siku ya kupanda mtu analala meta 1,000 juu ya pale alipolala jana yake. Ushauri wa madaktari ni kwamba ukishapita meta 3,000, usiongeze zaidi ya meta 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kwa hiyo hata siku sita ni chache. Siku tano ni kuutafuta ugonjwa wa mwinuko.

Ugonjwa huo huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Ukizidi, mgonjwa hupepesuka kama mlevi, huchanganyikiwa, au hukosa pumzi hata akiwa ameketi. Hapo dawa kubwa ni kumteremsha mara moja, maana asipoteremshwa aweza kufa. Wala nguvu za mwili si kinga. Hata mwanariadha huugua.

Wako wanaojibu kwamba kiongozi wa mlima yupo. Ni kweli, tangu mwaka 1991 hairuhusiwi kupanda bila kiongozi aliyesajiliwa. Lakini kiongozi hawezi kuongeza siku ambayo kikundi hakikuilipia. Siku hiyo hupangwa huku nyumbani, wakati wa kutafuta wenzi wa safari.

Sisi tulianza watu saba. Wawili walitaka siku tano ili kupunguza gharama. Tukaagana nao kwa wema, tukabaki watano. Mchango wa kila mmoja ukapanda, ikatubidi tuahirishe safari hadi likizo ya Juni ya mwaka uliofuata. Katika muda huo tulitembea pamoja kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae. Milima ya Usambara haina kimo cha kumzoesha mtu hewa hafifu, lakini ilitupima miguu, viatu na tabia. Tulimjua anayekimbilia mbele, na tulimjua anayeficha maumivu. Kisha tukaandikiana kwamba atakayeambiwa na kiongozi ashuke, atashuka bila ubishi, na tukamtaja kwa jina atakayeshuka naye.

Mwenzetu mmoja alifika Horombo akitapika. Siku ile ya mapumziko ndiyo iliyomponya, na kesho yake kiongozi alimruhusu aendelee. Kwa mpango wa siku tano, asubuhi ileile ingebidi ama arudishwe, ama apelekwe Kibo akiwa mgonjwa.

Najua mshahara wa mwalimu, na siku moja zaidi ina ada ya hifadhi, chakula na ujira wa wapagazi. Lakini asiye na fedha za siku sita mwaka huu, achange hadi mwakani. Kawia ufike.

Hivyo basi, naomba kila anayekusanya kikundi, kazini au chuoni, aitaje siku ya sita katika mkutano wa kwanza kabisa, kabla hata ya kutaja mchango. Asiyeikubali aachwe mapema, hata kama ni rafiki. Na wanaouza safari hizi wawaeleze wananchi bila kuficha kwamba safari ya bei rahisi imepunguzwa siku, na siku iliyopunguzwa ndiyo inayolinda maisha yao.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Lushoto.