Mama Atakaa Wapi?



Wapendwa wasomaji, juma hili tumeletewa ramani. Kijana wetu mmoja, mwenyeji wa Tarbaj katika Kaunti ya Wajir, amechuma riziki ya halali hapa pwani na sasa ataka kujenga kwao, kando ya barabara ya kwenda Mandera, mkahawa mdogo wa heshima wa watu ishirini. Alituomba dua. Tulimwombea, kisha tukamwuliza: mama yako atakaa wapi?

Akainama. Ukuta wa mbele ulikuwa wa vioo, ukielekea jua la alasiri. Wanawake walitengewa kijichumba cha nyuma kisicho dirisha, ubavuni mwa jiko. Mama asafiriye na watoto, mwenye haja kubwa zaidi ya kupumzika, ndiye aliyeachiwa moshi.

"Maalim," akatwambia, "sikumwuliza."

Tukamkumbusha nyumba ya wazee wake. Aqal ya Wasomali hujengwa na wanawake: wao hupinda fito, wao husuka mikeka ya kuifunika, wao huibomoa na kuipakia juu ya ngamia wakati wa kuhama. Vipi leo, tunapojenga kwa saruji, mwanamke asiulizwe neno?

Nasi wa pwani tuna la kuchangia. Katika nyumba za mawe za Lamu mgeni hupokewa dakani, na njia ya kuingilia hupindishwa ili mpita njia asione ndani. Humo ndani mna kiwanda kilicho wazi juu, kiletacho mwanga na hewa. Stara ipo, na upepo upo. Stara si kiza.

Basi tulimshauri hivi. Urefu wa jengo uende mashariki na magharibi, jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Kutoka Tarbaj kibla ni karibu kaskazini kamili. Hivyo ukuta mrefu wa kaskazini utatosha safu pana ya swala, na vyoo vielekezwe mashariki au magharibi. Katikati uachwe uwanja, na kuuzunguka ziwe baraza za familia zilizositiriwa kwa mikeka ya wanawake wa hapo hapo, walipwe haki yao. Jiko likae upande ambao upepo utauondoa moshi. Maji ya paa yaingie tangini, na mahali pa kutawadhia pawe pawili, pa wanaume na pa wanawake.

Qur'ani yatusimulia kuwa Nabii Ibrahim, alayhi salaam, aliwasogezea wageni wake chakula pale walipoketi. Na katika Suratu Hud twasoma kwamba mkewe alikuwapo, amesimama, akaipata bishara. Hakufichwa motoni.

Kijana ameikunja ramani yake, ataipeleka kwa mama kabla ya kuirudisha kwa fundi. Nawe, msomaji ujengaye hata chumba kimoja, anza kwa kuuliza.

Wallahu a'lam.