Siri ya mgonjwa inapogusa roho ya mtu

Kila ifikapo tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, husemwa mengi juu ya kuwaheshimu wagonjwa wa akili, nayo ni maneno ya haki. Wengi wao hawamdhuru mtu. Aghlabu wao ndio wanaodhuriwa, kwa kufungwa, kupigwa na kufanyiwa dhihaka. Lakini liko suala ambalo familia hutuuliza kwa sauti ya chini: kijana wetu kamtaja mtu kwa jina, anasema atamuua. Tukimfikisha hospitali usiku, tumwambie daktari, au tumsitiri mwana wetu?

Madaktari wenyewe walibabaishwa na suala hili. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanafunzi aitwaye Prosenjit Poddar alimwambia mtaalamu aliyekuwa akimtibu kuwa atamuua msichana aliyemkataa. Mtaalamu hakunyamaza, aliwaarifu polisi wa chuo. Polisi wakamshika, wakamwona ana akili timamu, akaahidi kukaa mbali na msichana, wakamwachia. Kisha mkuu wa idara akaagiza barua iliyopelekwa polisi irudishwe na kumbukumbu ziharibiwe. Msichana, Tatiana Tarasoff, wakati huo alikuwa Brazil. Hakuonywa yeye wala wazazi wake, na Poddar akafika hadi ya kupanga nyumba pamoja na kaka yake. Tarehe 27 Oktoba akamuua.

Wazazi walishitaki, na mwaka 1976 Mahkama ya Juu ya California ikaamua kuwa tabibu anayejua, au aliyepaswa kujua, kwamba mgonjwa wake ni hatari kubwa kwa mtu mwengine, analazimika kuchukua hatua za kumlinda mtu huyo.

Wanazuoni wetu hawako mbali na hapo. Siri ya mgonjwa ni amana, na kuifichua bila ya sababu ni khiyana. Hata hivyo Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, ilikubali kuwa siri ya tabibu huweza kufichuliwa pale madhara ya kuificha yanapozidi. Imam An-Nawawi (Rahimahu Allah) naye ameitaja nasaha ya kumtahadharisha Muislamu na shari miongoni mwa mambo yanayohalalisha kumsema mtu asipokuwepo. Na katika Suratul Qasas, mtu mmoja alikuja mbio kutoka pembe ya mji kumwambia Nabii Musa (a.s.) kuwa wakubwa wanapanga kumuua. Qur-ani haikumwita msengenyaji.

Kwetu sisi uzito zaidi uko kwa familia, maana ndiyo inayojua. Uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, juu ya mashambulizi 37 yaliyofanywa maskulini, ulikuta kuwa katika manne kati ya kila matano alikuwepo mtu aliyekwishajua fikra au mpango wa mshambuliaji. Aliyelengwa kwa kawaida hakutishwa usoni. Walioambiwa ni marafiki na ndugu. (Nasi tunaosoma ruqya tumo humu. Tunasikia mengi, na kisomo hakituondolei wajibu wa kusema.)

Basi anayempeleka mgonjwa Kidongo Chekundu au hospitali yoyote amwambie daktari mapema, faraghani, kabla mgonjwa hajatulizwa kwa dawa akaonekana mzima, kama alivyoonekana yule mbele ya polisi wa Berkeley. Aseme alimtaja nani, kwa maneno gani, mara ngapi, kama amemfuata au kuulizia anapokaa, na kama ana kisu au panga na liko wapi. Akiambiwa arudi naye nyumbani, aulize wazi: na yule aliyetajwa, nani atamwambia? Ikiwa hakuna, familia imwambie yenyewe, yeye au watu wake, bila ya kupita barazani. Sitara ya mgonjwa hubaki kwa kila asiyehusika.

Wallahu aalam.