Mtoto mwenye otisme: sheria iko, mwalimu je?

Tangu tarehe 3 mwezi wa tano 2022, inchi yetu iko na sheria inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Masomo ya msingi ya serkali nayo ni ya bure tangu 2019. Lakini huku Beni na Butembo, pesa si kizuizi peke yake kwa mtoto mwenye otisme. Yeye anatulia siku zikifuata utaratibu uleule. Vita inahamisha jamaa, utaratibu unavunjika. Darasa linajaa, na mwalimu mara nyingi hakufundishwa namna ya kumsaidia. Mtoto akichelewa kusema, watu wanataja uchawi. Otisme si uchawi, wala haitoki kwa malezi mabaya. Bila mafunzo kwa walimu, sheria itabaki kwenye karatasi.