Sebene lingoje kwanza

Ndugu mwandishi, nakuunga mkono kwamba bendi changa ianze na "Knockin' on Heaven's Door" ya Bob Dylan (1973). Sol, Re, La minor, kisha Sol, Re, Do, mwendo wa polepole mwanzo hadi mwisho: mpiga besi asiyezoea hapotei humo. Ila kwa wadogo zetu wa mitaa ya Kalundu na Mulongwe ningeongeza "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Kenya. Watu wataitikia tangu mstari wa kwanza, na bendi changa inahitaji sana kuitikiwa.

"Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, iliyorekodiwa 1952, waiache kwanza. Inasikika nyepesi, kumbe kidole gumba kinashika besi huku cha shahada kikipiga solo. Hiyo ni kazi ya miaka. Na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi, jamani! Kila kijana anakimbilia huko kabla mpiga ngoma hajaweza kushika mwendo dakika 3 bila kuharakisha.

Wapige kwanza bila spika, wasikilizane. Na kama Sol inamkaba koo mwimbaji, wimbo huo wa Dylan waushushe hadi Re: Re, La, Mi minor na Sol, vidole havitapata taabu yoyote.